Uhandisi au Teknolojia ya Biashara?

Msikilizaji wa Thika, msikilizaji wa Ruiru, mwanao amemaliza kidato cha nne, sasa anachagua kozi. Uhandisi, au teknolojia ya biashara?

Pale Juja, katikati yenu, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kinafundisha zote mbili. Uhandisi ni miaka 5, na hisabati na fizikia haziishi. Teknolojia ya biashara ni miaka 4: programu za kompyuta, uhasibu, usimamizi. Wazazi, tafadhali, tusimsukume mtoto kwenye uhandisi kwa ajili ya jina tu.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa sheria ya Kenya, huwezi kujiita mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Chuo kuwa na kibali hakutoshi. Kozi yenyewe lazima itambuliwe na bodi. Narudia: kozi yenyewe.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma ombi kwa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, fungua tovuti ya Bodi ya Wahandisi. Tafuta jina la chuo, kisha jina la kozi. Huna intaneti? Nenda chuoni, uliza waziwazi: kozi hii inatambuliwa na bodi? Uliza kabla ya kulipa karo.