Kutoka Madaraja ya Chambeshi hadi Kompyuta ya Wakala: Vita vya Siri vya Mtandao na Mpaka wa Tunduma

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mawakala wa forodha, wasafirishaji na wafanyabiashara wa mpakani, Tunduma, Mkoa wa Songwe



Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia waliruka kwa miavuli usiku kaskazini mwa Zambia, wakateremka mto Chambeshi kwa mitumbwi iliyobeba baruti, wakalipua madaraja ya mto huo, la reli ya TAZARA likiwamo. Zambia ilikuwa imejenga njia ya Dar es Salaam pamoja nasi ili ijinasue na njia za kusini. Baada ya mlipuko ule ikabanwa irudi kulekule kusini, na mzigo wa reli uliotakiwa kupita hapa Tunduma ukakwama.

Nimeanza na Chambeshi kwa sababu neno "vita vya mtandao" likitajwa, wengi wetu hudhani ni ugomvi wa Marekani, Urusi na China, wa watu wenye satelaiti. Njia yetu hii imekwisha kupigwa kwa siri. Wakati ule mpigaji alihitaji ndege, mitumbwi na moyo wa kufa. Wa leo anahitaji kompyuta na subira.

Hebu tuutazame mkoa wetu. Songwe inapitiwa na barabara ya TANZAM, reli ya TAZARA, bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 linalosukuma mafuta hadi Ndola tangu 1968, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaoungana na Zambia hapahapa. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walifungua Kituo cha Pamoja cha Tunduma na Nakonde. Tangu hapo kazi imekuwa nyepesi, na karibu yote imehamia kwenye kompyuta: upande wetu mfumo wa forodha wa TANCIS, upande wa wenzetu ASYCUDA. Kila aliyemo humu ndani anajua maneno tunayoyaogopa kuliko mvua ya masika: "Mfumo haushiki." Yakitamkwa saa tatu asubuhi, kufika jioni malori yamepangana kuelekea Mpemba, dereva anapika ugali chini ya tela, utingo ameanza kukopa vocha. Hiyo ni hitilafu tu, haina aliyeikusudia. Sasa tuseme yupo aliyeikusudia.

Tarehe 27 Juni 2017 alikuwepo aliyekusudia. Ukraine kuna programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, ambayo makampuni mengi ya huko yaliitumia kupeleka hesabu za kodi serikalini. Wadukuzi waliingia kwa mtengenezaji wake, wakapachika sumu ndani ya masasisho ya kawaida. Mhasibu mtiifu aliyesasisha programu yake kama alivyoelekezwa ndiye aliyefungua mlango. Kirusi hicho, kilichokuja kuitwa NotPetya, kilijidai kinataka fidia, lakini kazi yake ilikuwa kuharibu: hata ukilipa, kazi zako hazirudi. Kikavuka mipaka ya Ukraine bila pasipoti, kikaingia Maersk, kampuni ambayo makontena yake tunayapitisha hapa. Ikabidi kompyuta 45,000 na seva 4,000 zisimikwe upya. Bandari kadhaa duniani zikafunga mageti, malori yakasimama nje bila mtu wa kuyaambia yaende wapi. Hasara ya Maersk peke yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Mnajua kilichowaokoa? Ghana. Seva kuu zilizoshika orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutika dunia nzima, isipokuwa moja katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine hiyo ilikuwa nje ya mtandao kirusi kilipopita. Mtandao wa Ghana haukuwa na kasi ya kuituma nakala ile Uingereza, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akakabidhi diski mkononi kwa mwenzake aliyeweza kusafiri. Kampuni kubwa ya meli duniani ilifufuka kwa diski iliyobebwa mkononi kutoka Afrika Magharibi. Naomba mlishike hilo, maana nitalirudia.

Februari 2018 Marekani na Uingereza zilitangaza kuwa jeshi la Urusi ndilo lililofanya shambulio lile. Urusi ilikana. Ndivyo vita hivi vilivyo: anayepiga hakiri. Hata Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashinepewa za kurutubishia urani huko Natanz, Iran, ripoti nyingi zinaitaja kuwa kazi ya Marekani na Israel, na hakuna serikali iliyojitokeza rasmi kusema ni yetu. Mitambo ya Natanz haikuwa imeunganishwa na intaneti. Inaaminika kirusi kiliingia kwa flashi.

Kwa flashi, ndugu zangu. Nendeni kwenye steshenari yoyote ya mtaa wa mawakala saa nne asubuhi mtazame. Flashi imefungwa uzi mwekundu isipotee. Inatoka mfukoni mwa kijana wa ofisi, inachomekwa kwenye kompyuta ya steshenari kuchapa ankara, inarudi ofisini inachomekwa kwenye mashine inayofungulia mfumo wa forodha, halafu jirani anaiazima. Ikifika adhuhuri imekwisha kutembelea kompyuta nyingi kuliko alizozigusa fundi kwa mwezi mzima, na hakuna aliyeuliza ilikotoka.

Majirani zetu wameanza kuonja. Julai 2023 huduma za eCitizen za Kenya, zaidi ya 5,000, zilivurugwa; abiria wakashindwa kukata tiketi za treni, watu wakahangaika kununua umeme. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijigamba kuwa linaiadhibu Kenya kwa kuingilia mambo ya Sudan. Wataalamu wengi walinyosha kidole kwa Urusi. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani wakawashtaki ndugu wawili raia wa Sudan. Hapo ndipo hatari ilipo: kama wataalamu wanaweza kuelekeza kidole kwa dola kubwa na mashtaka yakaangukia vijana wawili, nchi inaweza kumlipizia asiyehusika. Juni 2020 Ethiopia ilisema imezuia mashambulio ya wadukuzi wa Misri, katikati ya mvutano wa bwawa la mto Nile. Hapa jirani kabisa, ng'ambo ya Ileje, Februari 2024 Rais Chakwera aliliambia Bunge la Malawi kwamba wadukuzi wameingia kwenye mfumo wa pasipoti na wanadai fidia. Utoaji wa pasipoti ukasimama. Na mwaka 2022 Benki Kuu ya Zambia ilivamiwa na kundi la wadai fidia.

Kuna watakaosema hao wa mwisho ni wezi tu, si mataifa. Ni kweli. Lakini dereva aliyekwama Mpemba hatofautishi. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumfikisha mahakamani kijana aliyetapeli watu kwa simu. Afisa wa jeshi la nchi ya mbali haitamfikia. Kwa hiyo mimi naona ulinzi wetu wa kwanza ni kuweza kuendelea na kazi siku tutakapopigwa.

Desemba 2015 wadukuzi walizima umeme wa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine. Mafundi waliona kishale kikitembea chenyewe kwenye kioo, kikifungua swichi moja baada ya nyingine. Wakapanda magari, wakaenda kwenye vituo, wakaziwasha swichi kwa mikono. Baada ya saa chache umeme ukarudi, kwa sababu walikuwepo watu waliojua kuwasha kwa mikono.

Sisi tunao? Ofisini kwangu nimeajiri vijana hodari wa kompyuta ambao hawajawahi kujaza daftari la mizigo kwa kalamu. Kosa ni langu, sikuwafundisha. Nakala zetu za nyaraka ziko kwenye kompyuta ileile inayoingia mtandaoni, kana kwamba Ghana haikutufunza kitu. Na ofisi ikipatwa na kirusi, huwa tunaficha kwa kuogopa wateja, badala ya kutoa taarifa kwa TZ-CERT, kitengo cha dharura za kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Naziomba ofisi zote zilizowakilishwa hapa zichague asubuhi moja ndani ya mwezi huu, zizime kompyuta kwa saa mbili, zijaribu kuandaa nyaraka za lori moja kwa kalamu na kwa nakala zilizo kabatini. Mtakapokwama, andikeni mmekwama wapi na mniletee karatasi hiyo. Tutaanza nayo kikao kijacho.