Mfanyakazi Husukumwa na Nini: Sifa au Mshahara?

Msikilizaji, kila Mei Mosi tunamwona mfanyakazi hodari akipanda jukwaani kupokea cheti, bahasha na makofi. Je, makofi yanaongeza tija?

Tuanzie Marekani. Kati ya 1924 na 1932, kiwanda cha vifaa vya simu cha Hawthorne, karibu na Chicago, kilifanyiwa majaribio. Mwanga uliongezwa, uzalishaji ukapanda. Ulipopunguzwa, uzalishaji haukushuka kama ilivyotarajiwa. Mtafiti Elton Mayo na wenzake wakashikilia kwamba mtu akisikilizwa na kuthaminiwa, hujituma.

Kwa upande mmoja, hoja hiyo ina mashiko: bosi anayekemea watu hadharani huvuna utegaji.

Kwa upande wa pili, wakosoaji wanakumbusha kuwa wanawake watano waliochunguzwa kwa karibu kiwandani humo walibadilishiwa pia utaratibu wa malipo, na wawili wakaondolewa katikati ya jaribio. Huenda fedha na hofu navyo vilichangia.

Kwa ufupi, cheti hakilipi kodi ya nyumba, na mshahara peke yake hauleti moyo wa kazi. Sasa swali: mwajiri mwenye bajeti finyu aanze na kipi?