Bastola za Fremu ya Polima: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua



Wengi wenu mko katikati ya kuomba leseni, na swali linaloulizwa mara nyingi na watu walio katika hatua hiyo ni hili: je, bastola ya plastiki itadumu? Ni swali la haki kwa mtu anayekaribia kutoa fedha nyingi, na nitalijibu. Hata hivyo, yapo maswali mawili mazito zaidi. Je, utaimudu bastola hiyo mkononi? Na je, namna inavyofyatua inafaa kwa mazoea yako na kwa nyumba unayoishi? La kudumu viwanda vimeshalijibu kwa zaidi ya miaka 40. Hayo mawili hayajibiwi na kiwanda chochote.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Bastola ya kisasa ina sehemu mbili kubwa. Ya juu ni slaidi, kile kipande kinachovutwa nyuma wakati wa kukoki, na ndani yake mna mtutu. Ya chini ni fremu, ambayo hubeba kitako, triga na nafasi ya magazini. Katika bastola tunazozijadili leo, slaidi, mtutu, springi na pini ni vya chuma. Fremu peke yake ndiyo ya polima, na mara nyingi polima hiyo ni ya jamii ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ili iwe ngumu. Wavuvi wetu wanaijua nailoni kwa nyavu na mishipi yao, kwa hiyo si kitu kigeni wala si kitu dhaifu.

Teknolojia hii ilianzia kwenye bunduki. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ya Marekani ilitoa bunduki ndogo iliyoitwa Nylon 66, yenye mwili wa nailoni, ikauzwa kwa wingi. Mwaka 1970 Heckler & Koch ya Ujerumani ikatoa bastola ya VP70, ya kwanza yenye fremu ya polima. Haikupendwa, na sababu moja ni kwamba triga yake ilikuwa nzito mno. Aliyefanikiwa alikuwa Gaston Glock wa Austria, mtu ambaye hakuwa na historia ya kutengeneza bastola. Karakana yake ilikuwa ikitengeneza vitu kama visu vya jeshi na ilikuwa na uzoefu wa plastiki. Jeshi la Austria lilipotafuta bastola ya kurithi Walther P38 za enzi ya vita, alishiriki katika shindano hilo na kushinda, na mwaka 1982 jeshi likaichukua Glock 17. Baada ya hapo viwanda vikubwa karibu vyote vilifuata njia hiyo. Mwaka 2013 majeshi ya Uingereza yaliiondoa Browning Hi-Power ya chuma, iliyobeba risasi 13, na kuchukua Glock 17 yenye magazini ya risasi 17. Mwaka 2017 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likachagua SIG P320, nayo ya polima, badala ya Beretta.

Nimeyataja majeshi kwa sababu moja tu. Bastola ya askari huangushwa, hulowa, hukaa juani na kupita mikono mingi. Fremu ya polima ingekuwa inapasuka hovyo, ingeonekana huko kwanza. Wapo wanaohofia kwamba itayeyuka ndani ya gari lililoegeshwa juani. Nailoni za aina hii huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 200 za Selsiasi, na dashibodi ya gari haifiki nusu ya joto hilo. Kuacha bastola ndani ya gari ni kosa kubwa, lakini ni kosa kwa sababu ya wezi.

Niseme pia kuhusu uvumi kwamba bastola hizi hazionekani kwenye mashine za ukaguzi viwanja vya ndege. Uvumi huo ulivuma Marekani katika miaka ya 1980, na filamu ya Die Hard 2 ya mwaka 1990 ikaukoleza kwa kutaja bastola ya kaure ambayo haijawahi kuwapo. Sehemu kubwa ya uzito wa Glock ni chuma, nayo huonekana kwenye mashine kama bastola nyingine yoyote. Yeyote anayetaka kununua kwa sababu ya uvumi huo hafai kupewa leseni, na naomba washiriki wanaofanya kazi ya usaili walizingatie hilo.

Uzuri wake

Faida ya kwanza ni wepesi. Glock 17 tupu, bila magazini, ina uzito wa takriban gramu 630. Browning Hi-Power huwa na gramu 900 hivi au zaidi. Risasi 17 za milimita 9 huongeza takriban gramu 200, kwa hiyo bastola ya polima iliyojazwa hukaribia uzito wa ile ya chuma ikiwa tupu. Mtu anayebeba silaha kuanzia asubuhi hadi jioni, kama mlinzi wa fedha au mfanyabiashara wa madini, huijua tofauti hiyo kiunoni. Tena ina maana ya kiusalama, kwa kuwa bastola inayochosha huvuliwa na kuachwa kwenye droo, chini ya kiti cha gari au ndani ya mkoba uliowekwa juu ya meza, na huko ndiko wezi na watoto huikuta.

Ya pili ni hali ya hewa, na hapa sisi wa pwani tuna sababu ya kuipenda polima. Tanga, Dar es Salaam, Mtwara au Unguja, jasho na hewa ya chumvi hukila chuma kwa kasi. Fremu ya polima haishiki kutu hata ukiivaa mwilini siku nzima, na haichomi mkono ikikaa juani.

Ya tatu hutajwa kidogo kuliko inavyostahili: kitako kinachoweza kubadilishwa unene. Walther P99 ya miaka ya 1990 ilikuja na vipande vya kuongeza au kupunguza mgongo wa kitako, na viwanda vingine vikaiga, Glock wakiwamo kuanzia toleo la nne la mwaka 2010. Kwa mtu mwenye kiganja kidogo, na hasa kwa akina mama ambao kwa muda mrefu walilazimika kushika bastola zilizochongwa kwa mikono ya askari wa kiume, haya ni mabadiliko makubwa. Kidole kisipoifikia triga vizuri, mkono hujipinda na risasi huenda kando.

Mkono wa mpigaji

Wepesi huo huo huleta taabu. Risasi inapotoka husukuma bastola nyuma, na bastola nyepesi hulipokea teke hilo kwa nguvu zaidi kuliko nzito. Polima hunyumbulika kidogo, nayo hulipunguza makali kiasi, lakini haiwezi kufidia robo kilo ya chuma iliyokosekana. Mwanafunzi mpya huanza kuliogopa teke, na akiliogopa hufumba macho na kushusha mtutu kabla risasi haijatoka.

Kuna tatizo jingine la kimakanika. Slaidi inaporudi nyuma ili kutupa ganda na kuchukua risasi mpya, inahitaji fremu iwe imetulia. Fremu nzito hutulia kwa uzito wake. Fremu nyepesi hutegemea kifundo chako. Kifundo kikilegea, fremu hurudi nyuma pamoja na slaidi, mwendo haukamiliki, ganda hubanwa mlangoni na bastola hukwama. Mwenye bastola hulaumu risasi au kiwanda, kumbe mkono wake haujafunzwa. Huwa mbaya zaidi kwa zile ndogo sana za mfukoni. Duka litakushawishi kwamba mtu anayeanza anafaa bastola ndogo kabisa. Mimi nasema kinyume: anayeanza achukue ya ukubwa wa kati au kamili, na ile ndogo aiache kwa aliyekwisha kuzoea.

Triga na kizuizi

Hapa naomba tukae kidogo, kwa maana ndipo penye ajali.

Bastola nyingi za polima hazina nyundo inayoonekana nyuma. Hutumia pini ya ndani inayosukumwa na springi hadi kugonga fataki ya risasi. Nyingi pia hazina kizuizi cha usalama cha nje cha kusukuma kwa kidole gumba. Glock ina vizuizi vitatu, vyote vya ndani au juu ya triga yenyewe, na vyote huachia mara triga inapovutwa vizuri kwa nguvu ya takriban kilo 2.5. Vimewekwa ili bastola isijifyatue ikianguka, na kazi hiyo vinaifanya vizuri. Havikuwekwa kuzuia kidole cha mtoto, wala pindo la shati lililoingia ndani ya ala, wala kidole cha mwenye bastola aliyeharakisha kuichomeka kiunoni.

Kwa hiyo bastola ya namna hii bila ala ngumu inayofunika triga yote ni hatari kwa anayeibeba. Ala laini ya kitambaa inayojikunja mdomo haifai. Kuichomeka ndani ya suruali bila ala, kama waigizaji wa filamu, ni kujielekezea mtutu kwenye nyonga na mshipa mkubwa wa damu wa paja.

Kuifungua kwa usafi nako kuna mtego. Glock na baadhi ya zinazofanana nayo hudai uvute triga kabla ya kuondoa slaidi. Aliyetoa magazini akasahau risasi iliyobaki kwenye chemba hufyatua risasi halisi ndani ya nyumba. Mpangilio ni mmoja, na hauna ruhusa ya kugeuzwa: toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi, tazama chemba, ingiza kidole upapase, na hapo ndipo uelekeze mtutu mahali salama na kuvuta triga. Zipo za polima zinazofunguliwa bila kuvuta triga, kama SIG P320 na Smith & Wesson M&P, na kwa mtu anayejijua kuwa msahaulifu hilo ni jambo la kulipia.

Sasa niseme jambo ambalo wanunuzi wengi huliruka. Polima ni chaguo moja, na mfumo wa kufyatua ni chaguo jingine. Huna sharti la kuvichukua pamoja. HK USP ya mwaka 1993 na CZ P-07 ni za polima lakini zina nyundo, na risasi ya kwanza inaweza kupigwa kwa triga ndefu na nzito. M17, yaani P320 ya jeshi la Marekani, ni ya polima na ina kizuizi cha nje. Mtu aliyefunzwa jeshini au polisi kwa bastola ya chuma yenye kizuizi, akahamia kwenye isiyo nacho bila mafunzo mapya, yumo hatarini zaidi kuliko asiyejua chochote, kwa sababu mkono wake una mazoea ya bastola nyingine.

Wala tusidhani kwamba jina kubwa linatosha. Mwaka 2017, muda mfupi baada ya P320 kuchaguliwa na jeshi, ilibainika kwamba zile zilizouzwa kwa raia zingeweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Uzito wa triga ulikuwa sehemu ya sababu, kwani iliendelea kusogea wakati bastola imeshagonga chini. Kampuni ikatoa marekebisho bure. Anayenunua iliyotumika, ya aina yoyote, aulize kama marekebisho ya kiwanda yamefanywa.

Utunzaji

Fremu isiyoshika kutu humfanya mwenyewe azembee. Ndani yake mna reli ndogo za chuma ambazo slaidi huteleza juu yake, springi, pini na mitaimbo ya triga, na vyote hivyo jasho huvifikia bila kuonekana kwa nje. Pwani, futa bastola kila jioni uliyoibeba, na uifungue mara kwa mara hata kama hukupiga risasi. Dodoma na Singida tatizo ni vumbi. Tone moja moja la mafuta kwenye reli linatosha, na njia ya pini ya kugonga iachwe kavu, kwani mafuta humo hukamata uchafu mpaka pini ikakosa nguvu.

Fremu ya polima iliyopasuka haichomelewi wala haigundishwi. Hubadilishwa. Na kwa kuwa katika bastola nyingi namba ya usajili imo kwenye kibamba cha chuma kilichozikwa ndani ya fremu, kubadilisha fremu ni kubadilisha silaha mbele ya sheria. Chini ya sheria yetu ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, hilo ni suala la kwenda polisi kwanza. Jihadharini pia na mafundi wanaochomachoma kitako kwa pasi ya kulehemu ili kiwe na mikwaruzo ya kushikia. Joto hilo huidhoofisha polima, na ukuta wa fremu hauna unene wa kuchezea.

Mbele ya kaunta

Kwa maoni yangu, mnunuzi wa kwanza anayeishi kwetu huku na atakayefanya mazoezi kila mwezi achukue ya polima ya milimita 9, ya ukubwa wa kati. Asiyekusudia kufanya mazoezi ningemshauri asinunue bastola kabisa, ya polima wala ya chuma. Bajeti igawanywe kabla ya kufika dukani: bastola, ala ngumu, sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na risasi za mafunzo. Fedha zisipotosha kwa vyote vinne, subiri.

Ukiipata iliyotumika, omba ifunguliwe mbele yako. Tazama kwa tochi pale pini zinapopita kwenye fremu na kuzunguka reli, utafute nyufa nyembamba au weupe kwenye plastiki. Rudisha slaidi, elekeza mtutu mahali salama, uhisi kama triga ni laini kupita kiasi, dalili kwamba mtu ameipiga tupa. Mwisho soma namba kwenye kibamba cha fremu, kwenye slaidi na kwenye mtutu, ukizilinganisha na nyaraka. Kama namba ya kibamba imekwaruzwa au inatofautiana na nyaraka hata kwa tarakimu moja, irudishe kaunta, usilipe, na utoe taarifa polisi.