Mapafu Yaandaliwe Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Msikilizaji wa Singida anayekwenda Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hana budi kuyaandaa mapafu mapema, kwa kuwa mafuta ya tumboni husukuma juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia, na akilazwa chali kwa nusukaputi, vifuko vya hewa husinyaa na kukaribisha nimonia. Anayevuta sigara aache angalau wiki 4 kabla. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini amweleze daktari hata asipoulizwa, maana jambo hili ni la hatari. Mapafu yaandaliwe mapema. Baada ya upasuaji akae kifua kikiwa kimeinuliwa, avute pumzi ndefu mara kwa mara, na atembee mara tu daktari atakaporuhusu. Akirejea nyumbani akabanwa pumzi ghafla, awahi hospitali iliyo karibu bila kungoja siku ya kliniki.