Gari Kuukuu na Ng'ombe wa Vajashravasa

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkusanyiko wa jioni wa maadhimisho ya hekalu)



Kamati iliponitaka nizungumze juu ya seva, yaani utumishi usiodai malipo, nilijua kwamba wasemaji walionitangulia wangegusia mambo makubwa: elimu, tiba, chakula cha wenye njaa. Mimi nimechagua jambo dogo lililoegeshwa katika nyua zetu nyingi, nalo ni gari la familia lililozeeka. Watoto wamekwisha kuondoka, mzee haendeshi tena, wanunuzi wanataja bei ya kudhihaki, na jioni moja mtu wa nyumbani anasema, "Basi tulitoe sadaka." Sisi tulilisema neno hilo mwaka 1994.

Gari letu lilikuwa Peugeot 504, saluni nyeupe. Kwa watu wa Dar es Salaam wa rika la baba yangu, jina hilo lilikuwa na uzito wake. Bert Shankland, mkazi wa mji huu, alishinda mbio za Safari kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Kisha 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Baba aliamini kwamba gari la ukoo huo halifi. Ndiyo sababu hakuona haja ya kubadilisha klachi iliyokuwa ikiteleza, wala matairi yaliyokuwa yamebaki vipara. Tulilitoa kwa zahanati moja ya hisani katika milima ya Uluguru ili libebe wagonjwa. Likavishwa shada la maua, nazi ikavunjwa, picha ikapigwa. Picha hiyo ninayo hadi leo, na ndani yake sote tunatabasamu.

Klachi ilikata kabla ya mwaka kwisha. Zahanati haikuwa na fungu la vipuri, na fundi wa karibu alikuwa mjini Morogoro, chini kabisa ya mlima. Gari likasukumwa hadi chini ya mwembe, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma.

Haya tuliyajua miaka mitatu baadaye, muuguzi wa zahanati alipokuja nyumbani kwetu. Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba ruhusa ya kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa kadi ilikuwa bado na jina la baba na hakuna aliyethubutu kuligusa. Katika kueleza, akataja usiku mmoja ambao mama mjamzito, aliyekuwa katika uchungu tangu asubuhi, aliteremshwa mlimani kwa machela na vijana wanne. Njia yao ilipita kando ya mwembe. "Tulilimulika kwa tochi, tusije tukajigonga," alisema. Mama yule alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakupona. Muuguzi aliongeza upesi kwamba hata gari zima lisingeweza kuahidi lolote, kisha akanywa chai yake.

Baba hakusema neno hadi mgeni alipoondoka. Jioni ile alitusomea mwanzo wa Katha Upanishad.

Wengi wetu tunamkumbuka Nachiketa kwa sababu ya mazungumzo yake na Yama, mungu wa mauti. Tunasahau kwamba kisa kizima kinaanza kwa sadaka mbovu. Vajashravasa anatoa mali zake, na mwanawe anaona ng'ombe wanaoongozwa kwenda kwa wapokeaji: wakongwe, wamekauka maziwa, hawatazaa tena. Kijana anajiuliza mtu anayetoa wanyama wa namna hiyo anaelekea wapi. Ndipo anapomuuliza baba yake yeye atatolewa kwa nani, na kuuliza tena, hadi baba anapokasirika na kumtoa kwa Mauti. Baba yangu alipofika hapo alifunga kitabu.

Bhagavad Gita, katika sura ya 17, inatofautisha sadaka za namna tatu, na ile iliyo safi hutolewa bila kutazamia malipo, kwa wakati wake, mahali pake, na kwa mpokeaji anayestahili. Katika mihadhara yetu hudumu sana kwenye nia ya mtoaji, kana kwamba mengine ni mapambo. Nia ya baba ilikuwa njema; sina shaka nayo. Kilichokosewa ni mahali. Gari la chini, lenye klachi iliyochoka, lilipelekwa kwenye njia ya mawe, kwa watu wasio na dereva wala fedha za gereji. Na kwa kuwa umiliki haukubadilishwa, tuliwapa mzigo bila kuwapa mamlaka ya kuutua.

Jamaa zetu walioko Marekani hutoa magari yao kwa njia nyingine. Mara nyingi gari huvutwa kutoka uani, huuzwa mnadani, na fedha ndizo zinazokwenda kufanya kazi. Zamani mtoaji alijikadiria mwenyewe thamani ya gari alipoomba punguzo la kodi. Tangu mwaka 2005, kwa gari linalodaiwa thamani ya zaidi ya dola 500, punguzo hilo kwa kawaida haliwezi kuzidi bei ambayo gari limeuzwa kweli. Naona sheria hiyo imevaa viatu vya Nachiketa: inamuuliza mtoaji ng'ombe wake ana maziwa kiasi gani. Nasi pia, gari likiwa limechoka kupita kiasi, tuliuze hapa hapa kwa vipuri na kupeleka fedha. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Mwaka huu imekuwa zamu ya Toyota Corolla ya mama. Ametimiza miaka 81 na macho yamemkatalia usukani. Alikubali litolewe, kwa sharti kwamba nisiite mpiga picha. Limekwenda kwenye nyumba moja ya kulea wazee hapa hapa mjini, yenye barabara ya lami hadi langoni na dereva anayelipwa mshahara. Kabla ya hapo lilikaa gereji siku sita: breki, rejeta, matairi manne, betri. Tuliandika hati ya zawadi mbele ya wakili, tukabadilisha umiliki kwa Mamlaka ya Mapato na ada tukazilipa sisi, tukakata bima ya mwaka mzima. Nilipodhani tumemaliza, mama alipanda kiti cha nyuma na kumwamuru fundi ampeleke Chalinze na kumrudisha. Njiani hakusema lolote. Tulipofika nyumbani alisema mlango wa kushoto unapitisha vumbi, na mpira wake ukabadilishwa.

Juzi wale wazee wamepiga simu kwamba taa ya nyuma imeungua. Mama amenituma nikanunue balbu kesho maduka yakifunguliwa, niipeleke mwenyewe. Kwa hiyo mtaniwia radhi nisipokaa hadi mwisho wa bhajan usiku huu.