MLANGO NA NGAZI: FUNZO KUTOKA BROWNSVILLE
Hotuba ya Kamati ya Elimu siku ya kufunga mwaka wa masomo



Vijana wanaomaliza sekondari wametuuliza swali moja: "Baada ya hapa, tunakwenda wapi?" Kamati imeona vema kuwaletea habari za mama mmoja aliyepambana na swali hilo hilo kwao.

Anaitwa Juliet García, mzaliwa wa Brownsville, jimbo la Texas, Marekani. Mji huo uko ukingoni mwa mto Rio Grande. Ng'ambo yake ni Matamoros, nchi ya Mexico. Wakazi wengi wana asili ya Mexico, na umaskini ni mwingi. Mama huyu alisoma hadi akapata udaktari wa falsafa mwaka 1976. Mwaka 1986 alikabidhiwa uongozi wa chuo cha mjini kwao, Texas Southmost College, akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Mexico kuongoza chuo nchini Marekani.

Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1926, kilifundisha miaka miwili ya kwanza tu. Aliyetaka shahada ilimbidi aombe upya mahali pengine, masomo yake yapimwe upya, na ada itafutwe upya. Hapo ndipo wengi walipokwama, si kwa kukosa akili.

Mwaka 1991 serikali ya Texas iliunda Chuo Kikuu cha Texas mjini Brownsville, na Juliet García akawa rais wake mwaka 1992. Vyuo viwili vikaungana kikazi: eneo moja, waalimu wamoja, wanafunzi wamoja. Aliyemaliza sekondari alipokelewa, na akiweza alipanda hadi shahada pasipo kuhama.

Mwaka 2008 serikali kuu ilitaka kujenga uzio wa mpaka kukatiza ardhi ya chuo. Mama huyu alikataa kutia sahihi, shauri likafika mahakamani, na mwaka huo huo wakapatana: chuo kiimarishe uzio wake chenyewe.

Ushirikiano wa vyuo haukudumu milele. Uamuzi wa kuuvunja ulitolewa mwaka 2010. Yeye aliacha uongozi mwaka 2014, na mwaka uliofuata kikafunguliwa chuo kikuu kipya cha bonde lote la mto huo. Mwaka 2022 Rais wa Marekani alimtunuku Nishani ya Uhuru.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba sisi ni sawa na Brownsville. Wale wako katika nchi yao. Sisi ni wageni tunaohesabiwa kwa kadi. Lakini tatizo tunalijua: cheti cha upande mmoja hakitambuliwi upande wa pili. Mwaka 2019 UNHCR ilieleza kuwa ni vijana wakimbizi 3 tu kati ya 100 waliofikia elimu ya juu, ikaweka lengo la 15 kati ya 100 ifikapo mwaka 2030. Mlango ukiwa wazi lakini ndani hakuna ngazi, mtoto atabaki ukumbini.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wazazi, msiharakishe kuwaoza mabinti waliofaulu eti shule imekwisha. Vijana, tunzeni vyeti vyenu na mjiandikishe kwa Kamati, tujue idadi yenu. Ndugu wa mashirika, kila mnapoanzisha kozi, tuambieni mapema cheti chake kinatambuliwa na nani, na kinampeleka mwanafunzi wapi.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Sisi tunaongeza: njia nayo hulimwa, na majembe tunayo.

Elimu oyee!