Mtoto Akiteguka Kifundo cha Mguu: Asichuliwe, Apumzishwe, Apimwe



Mtoto mdogo huruka mfereji, hupanda mwembe na huteleza uwanjani baada ya mvua. Kifundo cha mguu kikipinda na kuvimba, desturi ya kaya nyingi ni kuinjika maji ya moto na kumwita jirani anayesifika kwa kuchua, auvute mguu hadi "urudi mahali pake". Nia huwa njema, lakini kwa mtoto tendo hilo laweza kuleta madhara ya kudumu.

Sababu imo katika umbile lake. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka la gegedu linalorefusha mfupa. Tabaka hilo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kifundo. Hivyo, mpindo ambao kwa mtu mzima ungevuta kano tu, kwa mtoto waweza kupasua mahali pa ukuaji. Kwa nje, yote mawili hufanana: uvimbe na kilio. Mguu uliopasuka ukichuliwa, jeraha huzidi. Na tabaka la ukuaji likiharibika, mguu waweza kukua ukiwa mfupi au umepinda.

Katika saa 48 za kwanza, mzazi afanye yafuatayo:

1. Mtoto apumzishwe, asilazimishwe kukanyaga.
2. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, au kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kiwekwe juu ya uvimbe kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, na maji ya moto yasitumike.
3. Mguu uinuliwe juu ya mto mtoto anapolala. Bandeji ikitumika, isikazwe; vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, ifunguliwe mara moja.
4. Kwa maumivu, apewe parasetamoli ya watoto kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Asipewe aspirini.

Mtoto apelekwe kituo cha huduma siku hiyo hiyo endapo hawezi kutembea hatua 4, mfupa unauma ukibonyezwa, mguu umepinda, au uvimbe ni mkubwa. Mtoto ambaye bado hajui kueleza maumivu yake apelekwe mara tu anapokataa kukanyaga, kwani wenye umri huo huweza kupata ufa katika mfupa wa muundi kwa kuanguka kidogo tu. Palipo na jeraha lililo wazi au vidole vilivyopoa, safari isingoje hata saa moja.

Lipo jambo jingine linalosahaulika. Mtoto anayechechemea akiwa na homa, au aliyevimba miguu na mikono bila kuanguka, hakuteguka. Huenda ana maambukizi ya mfupa au kiungo, au dalili za awali za selimundu, ugonjwa wa kurithi ulio mwingi nchini Tanzania. Kumchua mtoto huyo ni kupoteza muda anaouhitaji kutibiwa.

Kuhusu huduma, safari ianzie zahanati iliyo karibu. Mtaalamu atampima mtoto na, ikibidi, kuandika rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali yenye mashine ya eksirei. Sera ya afya inaelekeza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Basi hofu ya gharama isimfungie mtoto ndani. Mzazi asiyejua pa kuanzia amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chake.

Mguu uliopimwa na kuthibitishwa kuwa umeteguka tu kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache. Mtoto arudi mchezoni pale anapoweza kutembea na kurukaruka kwa mguu huo bila maumivu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mfupa wa mtoto huzibwa mapema, na mikono ya kuuziba ipo zahanati.